Fidia Si Sadaka

Pwani yetu haina chumvi. Nawaandikia, enyi wa visiwani, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo milima ya Livingstone inashuka hadi majini na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremsha rutuba ya nyanda za juu. Rutuba hiyo ndiyo iliyoifanya Kyela kuwa nchi ya mpunga, kakao, migomba na michikichi. Sisi nasi tuna mitumbwi, tuna nyavu, tuna samaki wetu mbasa apandaye mito kwenda kutaga. Na sisi nasi, kama watu wa kila mahali ambapo mji unanenepa, tumezizoea alama za X zinazochorwa ukutani usiku mmoja na kubadili maisha ya nyumba nzima.

Mimi ni mtunzi na mfasiri. Kazi zote mbili nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi zilizochakaa na mwanga wa chemli. Nimefasiri mashairi ya watu wa mbali, nikakesha usiku kucha juu ya neno moja. Lakini tafsiri iliyonifunza zaidi ya zote haikuwa ya shairi. Jirani yangu mmoja, mama mjane aliyekwishapita umri wa miaka 70, alinijia asubuhi na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya upindo wa kanga.

“Mwanangu,” aliniambia, “nisomee hii. Nimetia dole gumba, ila sijui nimekubali nini.”

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Ofisi iliyoiandika sitaitaja, maana shabaha yangu si ofisi moja. Nilimsomea mstari kwa mstari: nyumba ya tofali mbichi yenye bati, imechakaa, migomba, idadi yake, mikakao, idadi yake, choo cha nje, posho ya usumbufu, posho ya usafiri. Chini kabisa palikuwa na jumla. Nilipoitamka jumla hiyo, mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Ndaga.” Neno hilo katika Kinyakyusa ni asante, na ni pole pia. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, “Basi angalau wamenisaidia.”

Ni hilo neno “wamenisaidia” lililonitia hasira, na ndilo linalonifanya niandike. Nyumba yake inavunjwa, shamba lake linakuwa kiwanja cha watu wengine, na yeye anaamini kuwa amesaidiwa! Nani aliyemfundisha hivyo? Tumemfundisha sisi, watu wa maneno: viongozi majukwaani, waandishi magazetini, na watunzi katika tenzi zetu za kusifu miradi. Hoja yangu katika makala haya ni moja, nami naisema mapema ili asiwepo wa kunitafutia maana nyingine: fidia ni deni. Deni hupimwa kwa kilichopotea, halipimwi kwa ukunjufu wa anayelipa. Na dawa ya deni ni kulipa, tena kulipa kwanza.

Wasomaji wa mwambao hawana haja ya kufundishwa neno hili, kwani ndio waliotufundisha sisi wa bara. Mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani hutoa fidia, kibaba kwa kila siku iliyompita, amlishe maskini. Hatoi vibaba kumi kwa siku thelathini kisha akajipongeza kwa ukarimu. Mateka naye hukombolewa kwa fidia, na fidia pungufu haimfungui. Popote neno hili litumikapo kwa haki yake, kipimo chake ni kile kilichokosekana. Sadaka ndiyo ipimwayo kwa moyo wa mtoaji. Anayezichanganya mbili hizi huwa ameshampunja mtu kabla hajafungua mfuko.

Ajabu ni kwamba dola yetu inaijua tofauti hii vizuri. Tembo akila mahindi ya mkulima, au kiboko akimuua mvuvi, serikali hutoa kitu kiitwacho kifuta jasho na kifuta machozi. Majina hayo yamechaguliwa kwa uangalifu: yanatamka wazi kuwa hicho ni kiliwazo, wala hakidai kufikia thamani ya kilichopotea. Ikiwa lugha ya serikali ina neno la kiliwazo, basi fidia ni kitu kingine. Iweje, basi, mtu aliyevunjiwa nyumba na katapila, ambalo lina dereva na lina amri iliyotiwa saini, apewe kiliwazo kwa jina la fidia?

Liko na neno jingine la kulikamata shati: kupisha. “Wananchi wametakiwa kupisha mradi.” Ni neno la adabu. Katika vijia vyetu vya migombani kijana humpisha mzee: husogea kando, mzee akapita, kisha kijana akarudi njiani akaendelea na safari yake. Anayepisha hurudi. Mama yule hatarudi. Njia yenyewe inaondolewa, naye pamoja nayo, kisha tunasema amepisha, kana kwamba alisogea nusu hatua kwa hiari yake na kesho atakuwa pale pale akitusalimu.

Nisieleweke vibaya. Sipingi barabara, wala bandari, wala mji. Mtu wa Kyela apinge vipi barabara, naye anajua masika ya kwetu, mvua isiyokatika, mto unaovunja kingo, na mgonjwa anayebebwa kwa machela? Barabara ya lami ya kwenda Ipinda na Matema tuliililia miaka mingi. Bandari za Itungi na Kiwira zikihuishwa ni heri kwetu. Meli ya MV Mbeya II ilipoanza safari mwaka 2021 wengi tulikwenda kuitazama kama watoto. Mpaka wa Kasumulu unaleta biashara ya Malawi mlangoni petu. Haya yote ni mema, na mema haya yana bei. Swali ni nani anayeilipa. Kama gharama ya barabara haihesabu nyumba ilizozipita, basi gharama hiyo haikupungua hata senti. Imehamishwa tu kutoka katika hazina ya taifa hadi katika kibubu cha mjane. Yeye ndiye mfadhili wa mradi, ingawa jina lake halimo katika bango.

Je, sheria inasemaje? Hapa ndipo penye uchungu, kwa maana sheria kwa kiasi kikubwa iko upande wake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang’anywa mali yake bila sheria yenye kuweka masharti ya fidia inayostahili. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ilikuwa na mkono wa birika: ardhi tupu haikulipiwa. Lakini Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika mwaka 2001, zilitamka kuwa fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Tena iangalie bei ya soko, usumbufu, usafiri, upotevu wa faida na upotevu wa makazi. Kanuni za mwaka 2001 zikapiga hesabu hadi ya gari la kuhamia: mzigo wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Anayepoteza makazi ahesabiwe kodi ya pango ya miezi 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, riba ianze kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 nayo ikauwekea uthamini wenyewe ukomo wa miaka 2: ukipita muda huo bila malipo, kazi ianze upya.

Na kabla ya sheria hizo palikuwa na hukumu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wakulima wa kaskazini walioshikilia ardhi yao kwa mila. Mahakama ilisema kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, nayo inalindwa na Katiba. Ikasema zaidi: hata pale ambapo hapana jengo wala mti, ikiwa mkaaji ameitolea ardhi ile jasho lake, anastahili fidia ya haki anaponyang’anywa. Maneno hayo yangepaswa kuandikwa juu ya mlango wa kila ofisi ya ardhi. Jasho ni mali. Aliyekausha kinamasi, akafyeka, akachimba mfereji wa mpunga, ameweka kitu ndani ya ardhi ambacho jicho la haraka halikioni.

Basi kama sheria ni nzuri hivi, kwa nini mama yule anaondoka na jumla isiyomnunulia hata robo ya kile alichonacho? Kwa sababu kati ya sheria na mlango wake pana vichochoro vingi, na katika kila kichochoro kuna kitu kinachopunguzwa. Nitavitaja vitano.

Kichochoro cha kwanza ni bei ya ardhi. Mji unapokua humeza vijiji vilivyouzunguka. Shamba linathaminiwa kwa bei ya shamba, mwenyewe anaondoka, mpimaji anakuja na vigingi, na kabla miti haijakauka, ardhi ile ile inauzwa kwa mita ya mraba kama viwanja. Wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam waliyaona haya tangu mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, na kila mji wa wilaya unaotanuka sasa unajifunza somo lile lile. Nauliza kwa unyenyekevu: thamani iliyozaliwa kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia ni ya nani? Kwamba mji umefika mlangoni mwa mkulima ni bahati yake pia. Sisi tunamwambia bahati hiyo ni yetu, yeye achukue bei ya mihogo.

Kichochoro cha pili ni uchakavu. Nyumba ya mama yule ilikatwa thamani kwa kuwa imezeeka. Lakini hakuna soko linalouza nyumba iliyozeeka kwa kiasi kile kile na kwa bei ile ile. Hatapata bati lililokwishashika kutu kwa nusu bei wala fundi wa kulipwa nusu ya ujira. Atanunua bati jipya, kwa bei ya leo. Benki ya Dunia, ambayo hakuna aliyewahi kuituhumu kwa huruma ya kupindukia, inataka katika miradi inayoikopesha fedha mtu alipwe gharama kamili ya kujenga tena, bila kukata uchakavu. Matokeo yake ni kichekesho: raia wawili wa nchi moja, mmoja akihamishwa na barabara ya mkopo na mwingine na barabara ya kodi zake mwenyewe, na huyu wa pili ndiye anayeweza kupunjika. Yaani tunalindwa vyema zaidi na mgeni anayetukopesha kuliko na sisi wenyewe!

Kichochoro cha tatu ni kuchelewa. Wakazi wa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, walithaminiwa mwaka 1997, ikapita zaidi ya miaka kumi kabla ya wengi wao kulipwa. Katika muda wa namna hiyo mtu haishi, anangoja. Anaambiwa asijenge, asipande, asikarabati. Paa linavuja naye anaogopa kulitengeneza, kwani huenda wakaja kesho. Na bei haingoji. Sisi tuna mfano wetu wa kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao katika masoko ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kiwango ambacho babu zetu walioipanda hawakukiota. Mkakao uliothaminiwa miaka miwili kabla ya hapo na ule uliosimama mwaka 2024 ulikuwa mti mmoja kwa jicho la ndege, lakini kwa mwenye shamba ilikuwa miti miwili tofauti kabisa. Tena mkakao si mpunga. Hungojwa miaka mitatu hata mitano kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miongo. Anayeukata hakati mavuno ya msimu mmoja, anakata ada ya shule ya wajukuu.

Kichochoro cha nne ni jina linaloandikwa. Fomu ina nafasi ya mkuu wa kaya mmoja. Lakini katika nchi yetu ya Unyakyusa nyumba za wake wengi ni jambo la kale, na kila mke ana mlango wake, jiko lake, na migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Karatasi inaziona nyumba zote hizo kama mali ya mwanamume mmoja, na fedha inaingia katika akaunti moja. Wangapi wameamka asubuhi wakakuta fidia imeoa mke mwingine mjini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji inalinda haki ya mwanamke. Fomu ndiyo isiyo na mstari wa jina lake.

Kichochoro cha tano ni vile visivyo na mstari kabisa. Kule Ikombe, chini ya milima, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyosifika ziwa zima, vikavushwa kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo pale Matema. Kazi ile inategemea vitu viwili, udongo wa mfinyanzi na ufuo. Jaalia kesho ufuo huo utakiwe kwa hoteli au gati. Mthamini ataandika kibanda cha nyasi, kimoja. Udongo atauandika wapi? Na mvuvi mwenye mtumbwi mmoja, ambaye shamba lake ni maji, ataandikwa nini? Hapa wenzetu wa Lamu wametutangulia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa bandari mpya iliyojengwa kule ilikuwa imewadhulumu wavuvi wapatao 4,600, ikaagiza walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Hawakuwa na hatimiliki ya bahari. Walikuwa na mazoea ya vizazi, na mahakama ikayaona mazoea hayo kuwa haki. Ziwa letu lingoje miaka mingapi lipate jicho kama hilo?

Na makaburi? Iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, nayo inalipa gharama ya kuhamisha, kuzika upya na ibada zake. Kwetu wafu huzikwa nyumbani. Kaburi ndilo hati ya kwanza ya ardhi. Sidai thamani yake itafutiwe tarakimu, kwa kuwa haina. Nadai tu kwamba ambapo tarakimu inakoma, heshima isikome: mwenye marehemu aulizwe kwanza, apewe siku zake, wala asiambiwe kwa tangazo lililobandikwa kwenye mti.

Sasa nawasikia wanaonipinga, nao si wajinga, wanastahili jibu. Hoja yao ya kwanza ni kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe tangu mwaka 1958, katika kijitabu chake cha Mali ya Taifa, aliikataa fikra ya kuifanya ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa. Kweli kabisa. Nami ningeipokea hoja hiyo kwa mikono miwili kama ingesimama pande zote. Lakini ardhi isiyokuwa bidhaa siku ya kumwondoa mkulima inakuwaje bidhaa ya mita ya mraba wiki moja baadaye? Mdhamini ni mtu anayetunza mali kwa faida ya wenyewe. Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi nzima mwaka 1991 na 1992, ikasikiliza wananchi kwa maelfu, na kilio ilichokikuta vijijini ni hiki hiki: ardhi ya umma inakuwa ya mtu mara tu umma wenyewe unapoondolewa.

Hoja ya pili ni udanganyifu. Wanasema watu wakisikia mradi hupanda miche usiku na kujenga vibanda vya kuvizia fidia. Kule Nyamongo jambo hilo lilipata hata jina, tegesha. Sikatai, wapo. Lakini tegesha hustawi panapokuwa na ucheleweshaji na siri. Tangazo likitoka wazi, hesabu ikafanywa hadharani mbele ya majirani, na malipo yakafuata ndani ya miezi sita, mtegeshaji hana nafasi ya kupanda hata mchicha. Na hata hivyo, kuna haki gani ya kumnyima mkweli kwa sababu ya mwongo? Duka haliachi kurudisha chenji kwa kuwa kuna mteja aliyeleta noti bandia.

Hoja ya tatu ni ya wavamizi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Ndipo tukapata rangi mbili za X: ya kijani hulipwa, nyekundu hailipwi, kwa kuwa mwenye X nyekundu anahesabiwa ameifuata barabara. Sawa, aliyeifuata barabara na ajibu. Lakini ziko nyumba ambazo barabara ndiyo iliyozifuata. Vijia vya ng’ombe viligeuka njia za mikokoteni, njia zikawa barabara, barabara zikapewa namba, na katika muda wote huo kijiji kilikuwa pale pale. Kabla ya kumwita mtu mvamizi, na tuulize nani kati yao alifika kwanza. Kwetu mgomba wa zamani na kaburi la babu ni ushahidi tosha. Havikuja kwa kuifuata lami.

Hoja ya nne, ambayo ndiyo ya kweli nyuma ya zote, ni kwamba fedha hazitoshi. Nami najibu: kama hazitoshi kulipa nyumba, basi hazitoshi kujenga barabara, na mwenye fedha pungufu hupunguza barabara. Hakuna mkandarasi anayeambiwa alete saruji kwa sababu ya uzalendo, akangojea miaka kumi. Mjane peke yake ndiye anayekopwa bila kuulizwa.

Kwa wasomaji wa Unguja, kumbukumbu ya haya haiko mbali. Ng’ambo ilivunjwa ili majumba ya Michenzani yasimame, na wengi waliovunjiwa walipewa makazi ndani ya majumba hayo hayo. Mtu anaweza kubishana mchana kutwa juu ya uzuri wa majumba yale, na juu ya baraza na majirani waliopotea. Lakini kanuni moja ilikuwamo: paa kwa paa. Na huko Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 za wapangaji zilizoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilisota kwa muda mrefu, hatimaye majengo mapya yakazinduliwa mwaka 2022 nazo zikapewa nafasi ya kurudi pale pale. Safari ile haikupaswa kuwa ndefu kiasi kile, ila imethibitisha jambo ambalo wakubwa husema haliwezekani: anayepisha anaweza kurudi.

Sasa niwageukie ndugu zangu watunzi, kwa maana gazeti hili ni letu. Tumetunga mangapi ya kusifu madaraja na meli? Sijitoi, nami nimesimama jukwaani siku ya uzinduzi nikaghani, nikapewa soda na bahasha. Katika beti zangu zote zile hamkuwa na nyumba hata moja iliyovunjwa. Nilikuwa na vina vyote isipokuwa kimoja. Mtunzi halazimiki kuwa mwanasheria, lakini maneno yako mikononi mwake, na maneno ndiyo yaliyomfanya mama yule ashukuru kwa kudhulumiwa. Tukiendelea kuimba “kupisha” pale panapotakiwa “kuondolewa”, na “kusaidiwa” pale panapotakiwa “kulipwa”, tutakuwa tumeshika katapila kwa mkono mmoja na zumari kwa mkono mwingine.

Ninachotaka hakihitaji mapinduzi. Kwanza, karatasi ya uthamini iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya mwenye mali, na nakala ibaki nyumbani kwake kabla dole gumba halijaguswa na wino. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na mahakama. Iweje fomu ya mkulima ibaki ng’ambo ya bahari? Pili, nyumba ilipwe kwa gharama ya kuijenga tena, uchakavu usikatwe. Tatu, ardhi inayogeuzwa viwanja, mwenyewe awe wa kwanza kugawiwa viwanja hivyo. Nne, kanuni za mwaka 2001 zinaruhusu fidia kuwa ardhi yenye ubora unaolingana, au nyumba, au miche, hata nafaka ya kuvukia msimu. Ila uchaguzi zimeuacha mikononi mwa serikali. Uchaguzi huo uhamie kwa anayehamishwa. Tano, kila mwenye mlango aandikwe jina lake. Na sita, inayozibeba zote: malipo yatangulie, ubomoaji ufuate.

Nilimrudishia mama yule karatasi yake. Nilimweleza kuwa hakuna msaada wowote ndani yake, kwamba yeye ndiye anayedai na wao ndio wanaodaiwa, na kwamba anaweza kuandika barua ya kupinga. Alinitazama kwa muda mrefu, kana kwamba nimemfasiria lugha nyingine mpya kabisa.

“Kumbe nawadai mimi?” aliuliza.

“Ndiyo, mama. Wewe ndiye unayewadai.”

Akaikunja karatasi ile mara nne, akairudisha katika upindo wa kanga. Safari hii hakusema ndaga. Alisema, “Basi kalete kalamu, mwanangu, tuandike.”